Bidhaa ya Mwisho Katika Orodha

Somo: Ufunuo 18:11–13, na Waraka wa Paulo kwa Filemoni

Tuko Kimumu, nje kidogo ya mji wa Eldoret, katika njia iendayo Iten. Kama mna Biblia karibu, fungueni Ufunuo mlango wa 18, msome polepole aya ya 11 hadi ya 13. Hapo Yohana anatuonyesha wafanyabiashara wa dunia wakilia kwa sababu mji mkubwa umeanguka, na hapana mtu anunuaye tena bidhaa zao. Kisha anazitaja bidhaa hizo moja moja, kama karani anayehesabu shehena bandarini. Anaanza na dhahabu. Anataja fedha, vito, lulu, hariri, nguo za zambarau, vyombo vya pembe za ndovu, mdalasini, manukato, mvinyo, mafuta, unga, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi na magari. Mwisho kabisa, baada ya magari, anataja watu: miili yao na roho zao.

Mji huo Yohana anauita Babeli, lakini wasomaji wake wa kwanza walijua kwamba anasema habari za Rumi, maana katika mlango wa 17 alikwisha kutaja milima saba ambayo mji huo umekalia. Wengi wetu tukifika kwenye orodha hii huipita upesi, kama tupitavyo majina marefu ya vizazi. Leo tusiipite. Tuulize: Je, orodha hii ni maneno ya hasira tu ya mtu aliyefungwa kisiwani Patmo? Au mambo yalikuwa hivyo kweli? Na tukitaka shahidi mwingine, tumwulize nani?

Shahidi yuko, naye ni udongo.

Sisi wa Uasin Gishu tusione ajabu kusikia kwamba udongo huweza kusema. Katika nyanda zetu hizi yako mashimo ya Sirikwa, yale mabonde madogo ya mviringo ambayo wazee waliyakuta tangu zamani. Watu wengine walidhani yalikuwa nyumba zilizochimbwa chini ya ardhi. Lakini wataalamu wa mambo ya kale walipochimba kwa uangalifu, huku kwetu na pia kule Hyrax Hill karibu na Nakuru, waliona kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za watu zilijengwa kando yake. Hapana mtu aliyeandika habari hiyo kitabuni. Ilisomwa katika samadi, mifupa na vigae vya vyungu.

Mfalme akijijengea mnara, huandika juu yake sifa zake mwenyewe. Jaa la taka halimsifu mtu. Hueleza tu watu walikula nini, walinunua nini, na walivunja nini. Kwa hiyo tukitaka kuijua Rumi, tutazame taka zake.

Katika mji wa Rumi, karibu na mto Tiber, kiko kilima kiitwacho Monte Testaccio. Kina urefu wa zaidi ya mita 30 kwenda juu. Kilima hicho hakikuumbwa na mvua wala na tetemeko. Ni rundo la vigae vya mitungi iliyoleta mafuta ya zeituni. Mtungi mmoja ulichukua lita zipatazo 70, na ulipokwisha kumwagwa mafuta yake, ulivunjwa na kutupwa pale. Mitungi mingi ilitoka kusini mwa Hispania, na mingine Afrika ya Kaskazini. Juu ya vigae vingi bado husomeka uzito wa mafuta na majina ya wafanyabiashara, yaliyoandikwa kwa wino. Hebu fikirini mji ambao chupa zake tupu za mafuta zimekuwa mlima!

Ngano nayo ililetwa kwa meli, hasa kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini. Mtume Paulo alisafiri katika meli ya namna hiyo. Someni Matendo mlango wa 27: ile meli ya Iskanderia iliyovunjika Malta ilikuwa imebeba ngano, na mabaharia waliitupa baharini ili kuipunguzia uzito. Sisi tunaokaa karibu na maghala ya nafaka ya Eldoret twajua wasiwasi unaoingia mjini nafaka ikichelewa. Rumi ilikuwa na wasiwasi huo kila mwaka.

Baada ya msiba ule Paulo aliteremka Puteoli, katika pwani ya Italia. Si mbali sana na hapo palikuwa na mji wa Pompeii, na mji mwingine jirani uitwao Herculaneum. Mwaka 79 B.K., mlima Vesuvius ulilipuka, ukaifunika miji hiyo yote miwili kwa majivu na mawe. Msiba huo mkubwa uliwaua watu wengi sana, lakini ulihifadhi maisha ya siku moja kama yalivyokuwa. Wachimbaji wameona maduka yenye meza za mawe, na mitungi imejengewa ndani ya meza hizo. Mwaka 1862 walikuta tanuri la mwoka mikate likiwa na mikate 81 ndani yake, imekuwa mkaa. Mwaka 1938 walikuta sanamu ndogo ya mwanamke iliyochongwa India kwa pembe ya ndovu. Basi Yohana hakutunga. Mafuta, unga, ngano, pembe: udongo umevitaja vilevile.

Lakini India haikuwa nchi pekee yenye ndovu. Pembe nyingine zilitoka wapi? Hapo ndipo habari hii inaporudi nyumbani kwetu.

Katikati ya karne ya kwanza, siku zile zile Paulo alipokuwa akizunguka na Injili, mfanyabiashara mmoja aliyekaa Misri aliandika kitabu kwa Kiyunani, kuwaongoza wenzake katika safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho huitwa Periplus. Jina la mwandishi limepotea, lakini kazi yake imebaki. Anaieleza pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, ambayo yeye anaiita Azania. Anasema kwamba soko la mwisho katika pwani hiyo huitwa Rhapta, na kwamba mashua za huko zilishonwa kwa kamba. Manahodha Waarabu walikuja mara kwa mara, wakaijua lugha ya wenyeji, wakaoa kwao. Waliwaletea mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Mvinyo na ngano waliviletea pia, ila si kwa kuuza, bali kuwafurahisha wenyeji na kupata urafiki wao. Walirudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Tena mwandishi huyo, kama mfanyabiashara wa kweli, hakosi kutia dosari: anasema pembe za Azania ni nyingi, lakini ubora wake haufikii zile za Adulis, bandari ya nchi ambayo leo ni Eritrea.

Kwa muda mrefu maneno hayo yalikuwa ya kitabuni tu. Kisha Watanzania wenyewe wakachimba. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Mkukutu, katika delta ya mto Rufiji, akapata shanga za kioo za nyakati za Warumi. Aliitangaza habari hiyo mwaka 1999. Kabla yake, mwaka 1996, mtaalamu Abdurahman Juma aliandika habari za vigae alivyovipata Unguja Ukuu, kisiwani Zanzibar, vya vyombo vilivyotengenezwa katika nchi za Bahari ya Kati mwishoni mwa nyakati za Warumi. Shanga ni kitu kidogo, hata mtoto aweza kuimeza. Lakini shanga ile ilivuka jangwa na bahari mbili hata ikafika Rufiji.

Msikilizaji mmoja aweza kusema, "Wazee wetu walidanganywa, wakatoa pembe kwa shanga." Tusiwadharau wazee hivyo. Shoka la chuma lina kazi yake, na shanga isiyopatikana popote karibu ina thamani yake. Biashara si dhambi. Lidia wa Thiatira aliuza nguo za zambarau, na Bwana akamfungua moyo wake. Paulo mwenyewe alishona mahema kwa malipo. Yohana haihukumu Rumi kwa sababu ilinunua mafuta na mdalasini. Shida imo mwishoni mwa orodha.

Maana hata katika Periplus bidhaa ile ya mwisho imo. Mwandishi anaitaja bandari ya Opone, ambayo wataalamu huitambua kuwa ni Ras Hafun katika nchi ya Somalia. Anasema kwamba hapo walipatikana watumwa walio bora, na kwamba walizidi kupelekwa Misri. Ameandika hivyo katika orodha moja na mdalasini na magamba ya kasa, kisha akaendelea na safari yake. Hakusita wala hakushangaa.

Basi hebu tuuulize udongo wa Rumi juu ya watu hawa. Je, umewataja wao pia?

Naam, umewataja. Kule Herculaneum ulionekana mkate mmoja, umeungua kabisa, lakini muhuri wake husomeka hata leo. Muhuri huo wasema kwamba mkate ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mkate umebaki na jina la Celer limebaki, lakini hata katika mkate wake mwenyewe, jina lake halikuandikwa pasipo jina la aliyemmiliki.

Mwaka 2021, katika shamba kubwa la tajiri mmoja nje ya Pompeii, mahali paitwapo Civita Giuliana, wachimbaji walifungua chumba kidogo chenye eneo la mita za mraba 16. Ndani yake mlikuwa na vitanda vitatu vya mbao na kamba, na kimoja kilikuwa kifupi, labda cha mtoto. Juu palikuwa na dirisha dogo. Chini ya vitanda mliwekwa vyombo vya watu hao, na pembeni ilipangwa mitungi mikubwa ya mwenye nyumba. Wataalamu wanasema kilikuwa chumba cha watumwa, na tena kilikuwa ghala. Watu na mitungi waliwekwa pamoja.

Tena ziko pete za chuma zilizofungwa shingoni mwa watumwa. Pete zipatazo 40 na zaidi zimejulikana. Moja iliyo maarufu, iliyohifadhiwa huko Rumi, ina kibao kilichoandikwa kana kwamba pete yenyewe yasema. Inatangaza kwamba aliyeivaa ametoroka, inamwomba mpita njia amkamate, na inaahidi kwamba atakayemrudisha kwa bwana wake Zoninus atapewa sarafu moja ya dhahabu. Jina la bwana limo na bei imo, lakini jina la mtu aliyeivaa halimo.

Wapendwa, sasa chukueni Waraka wa Paulo kwa Filemoni, muuweke kando ya pete ile. Ni barua fupi, mlango mmoja tu. Nayo pia inahusu mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake na sasa anarudishwa. Lakini Paulo anamtaja kwa jina: Onesimo. Anamwita mwanawe, aliyemzaa katika vifungo vyake. Anamwomba Filemoni ampokee si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Na kuhusu malipo, Paulo haombi sarafu. Anasema kama Onesimo ana deni lolote, liandikwe juu yake Paulo, naye atalipa. Pete iliahidi kumlipa amrudishaye mtumwa. Hapa amrudishaye ndiye anayejitolea kulipa.

Twapenda kusimama hapo na kufurahi. Lakini ukweli haututoi jasho bure; lazima tuuseme wote. Pete nyingi kati ya hizo ni za karne ya 4 na ya 5, siku ambazo wafalme wa Rumi walikuwa wamekwisha kuwa Wakristo. Baadhi yake zina alama ya Kristo juu yake. Na iko moja inayomtaja bwana wa mtumwa kuwa ni Felix, shemasi mkuu wa kanisa. Cheo hicho kimo katika Kanisa letu la Kianglikana hata leo! Mtu yule alisoma Waraka kwa Filemoni. Yumkini aliusoma kwa sauti mbele ya watu wa Mungu. Kisha akarudi nyumbani, kwa mtu mwenye chuma shingoni.

Tusimrushie mawe upesi. Karne nyingi baadaye, katika pwani yetu hii, pembe za ndovu na watu waliendelea kusafiri katika njia moja na kuuzwa katika mji mmoja. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Mwaka ule ule, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana liliwekwa mahali pale pale soko lilipokuwa. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Frere Town karibu na Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake.

Na tarehe 31 Mei 1885, Askofu James Hannington aliwaweka wakfu mashemasi wawili Waafrika, William Jones na Ishmael Semler. Wote wawili walikuwa wametekwa utotoni wakauzwa, kisha wakakombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Mwaka ule ule Jones alisafiri na Askofu Hannington kuelekea Uganda, akaachwa na sehemu kubwa ya msafara mahali ambapo leo ni Mumias. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, naye Jones akauongoza msafara wenye huzuni kurudi pwani. Kwa hiyo, ndugu zangu Waanglikana wa Kenya, tuelewe jambo hili vizuri. Kanisa moja lilikuwa na shemasi mkuu aliyemtia mtu pete shingoni. Kanisa lingine, la kwetu, mashemasi wake Waafrika wa kwanza walikuwa watu waliowahi kuuzwa. Makanisa yote mawili yalisoma Biblia moja. Sisi tutafanana na lipi?

Swali hili si la watu wa pwani tu, wala si la watu wa zamani. Hapa Kimumu nyumba nyingi zina msichana wa kazi. Ndiye anayewasha moto kabla hatujaamka, ndiye anayetupikia chai, na mtoto wetu anamjua kuliko anavyotujua sisi. Basi tuulize kwa unyenyekevu: Analala wapi? Kama analala stoo, kati ya magunia ya mahindi na madebe ya mafuta, basi tumekwisha kukijenga tena kile chumba cha Civita Giuliana. Mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi? Siku ya Jumapili, sisi tukiwa kanisani, yeye yuko wapi? Na je, jina lake kamili, na la babaye, na la mahali alipozaliwa, tunayajua? Au twamjua kwa jina la nyumba yetu tu, kama Celer?

Wako pia wazazi kati yetu ambao binti zao wamekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wengine wamepata riziki ya halali, nasi twamshukuru Mungu. Lakini wengine walinyang'anywa pasipoti zao walipofika, wakajua kwamba wakala alikwisha kulipwa kwa ajili yao kama mtu anayelipwa kwa mzigo. Tusiwaambie wazazi hao maneno mepesi. Tukae nao, tuulize habari za mtoto wao kwa jina, na kabla mwingine hajaondoka, tuusome mkataba wake pamoja naye neno kwa neno.

Siku moja miji yetu nayo itafunikwa na udongo. Watu watakaochimba hawatasikia mahubiri yetu wala nyimbo za kwaya. Wataona vyumba, vyombo na taka, na kwa hivyo watajua ni nani aliyelala kitandani, na ni nani aliyelala ghalani. Lakini yuko Mmoja ambaye hahitaji kungoja wachimbaji. Yeye anajua bei aliyolipiwa kila mtu, maana ndiye aliyeilipa msalabani.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeuzwa kwa vipande 30 vya fedha, tusamehe kwa kila mtu tuliyemhesabu pamoja na mali zetu. Wakumbuke walio mbali na kwao usiku huu, na wale wanaolala chini ya dari zetu. Utufundishe majina yao, na utupe moyo wa kuwalipa haki yao kabla jua halijachwa. Amina.